Kibaraza cha duka nacho kihesabiwe nyumba

Mji wetu wa Naivasha una sifa mbili ambazo kila mpita njia anazijua, nazo ni maua na ziwa. Sifa ya tatu haitajwi katika vitabu vya watalii, lakini kila mwenye duka anayefungua mlango alfajiri huikuta imelala kibarazani pake. Ni wale ndugu zetu wasio na makao, waliojifunika magunia na maboksi, huyu na chupa ya gundi mdomoni, yule na harufu ya chang'aa ya jana. Tunawaruka, tukaenda zetu. Wako hata wanaowamwagia maji ili waamke upesi.

Leo nataka tuzungumze habari ya tiba yao. Sisemi habari ya sadaka, wala habari ya kuwafukuza, kwani mambo hayo mawili tumeyafanya miaka mingi na bado tungali nao. Nasema tiba, kama vile mgonjwa wa kifua kikuu anavyotibiwa. Na maoni yangu ni kwamba tiba hiyo yapasa kuwafuata hapo hapo walipo, na kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo yaweza kufanywa kwa njia ya simu.

Najua wako watakaocheka. Watauliza: mtu asiye na shati, simu ataitoa wapi? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Lakini kwanza tuwatazame watu wenyewe.

Watu hawa hawakuanguka kutoka mbinguni. Tangu mashamba ya maua yalipoanza kando ya ziwa, karibu miaka ya 1970, Naivasha imevuta watu kutoka kila pembe ya Kenya. Mitaa ya Karagita, Kamere na Kwa Muhia ilijaa wafanyakazi walioacha wazee na mashamba yao mbali. Mtu akiwa na kazi huwa na chumba. Akifutwa kazi, mwezi mmoja tu watosha kumtoa nje. Machafuko ya Januari 2008 yalichoma nyumba za watu hapa hapa mjini. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga soko la maua huko Ulaya, maelfu walirudishwa nyumbani bila kujua kama wataitwa tena. Ziwa nalo likafurika na kuwatoa watu mtaa wa Kihoto mwaka 2020, na tena mwaka 2025. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliteremka Mai Mahiu na kuua watu kwa makumi, na waliosalia wakabaki bila kitu.

Sisemi kwamba kila aliyepatwa na mambo hayo amekuwa mlevi, hasha. Wengi walijikaza wakasimama tena. Ninachosema ni kwamba mlango wa kutokea nje ni mpana, ilhali mlango wa kurudi ndani ni mwembamba kama tundu la sindano. Na huko nje kuna baridi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na usiku wa Julai hauna huruma. Mtoto anayevuta gundi atakuambia mwenyewe kwamba humsahaulisha baridi na njaa. Mtu mzima naye huipata faraja ile ile katika glasi. Kinachoanza kama blanketi huishia kuwa mnyororo.

Hesabu ya serikali ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini Kenya, na katika kaunti yetu ya Nakuru walikuwa zaidi ya 2,000. Huko Eldoret, watafiti waliozungumza na watoto 146 wa mitaani, wakatoa matokeo yao mwaka 2012, waligundua kwamba karibu watatu katika kila wanne waliwahi kutumia kileo au dawa ya kulevya, na gundi ndiyo iliyoongoza. Basi ukimwona mtoto na chupa, usidhani ni mtoto mmoja aliyepotoka. Hiyo ndiyo desturi ya mahali anapoishi.

Neno desturi lanikumbusha jambo jingine. Wazee wetu hawakuwa watu wasiokunywa. Wakikuyu walikuwa na muratina, Wamaasai walikuwa na pombe yao ya asali, na jamii nyingi zilikuwa na busaa au nyingineyo. Lakini pombe ilikuwa na adabu zake. Ilikuwa ya wazee, ilikuwa ya arusi na mapatano, na kijana hakuigusa mpaka afike umri wake. Aliyezidisha alikuwa na wenzake wa rika wa kumwita kando na kumkanya. Ndiyo kusema kwamba tiba ya ulevi ilikuwepo, nayo ilikuwa ni watu. Mlevi wa leo anayelala kibarazani amepoteza pombe yenye adabu, na pamoja nayo amepoteza wale wa kumwita kando.

Badala yao tumeweka sheria. Naivasha yetu ina fahari yake katika jambo hili, kwani aliyekuwa mbunge wetu, John Mututho, ndiye aliyepeleka bungeni ile sheria ya vileo ya mwaka 2010 ambayo hadi leo wananchi huiita kwa jina lake. Iliamuru baa zifunguliwe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano za usiku siku za kazi, na iliiondoa marufuku ya chang'aa iliyokuwepo tangu mwaka 1980 ili ipate kutengenezwa na kuuzwa kwa kanuni. Nia ilikuwa njema. Mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, kwa kunywa pombe yenye sumu. Na hata baada ya sheria hiyo, vifo vya namna hiyo vilirudi mwaka 2014, na tena Kirinyaga mwezi wa Februari 2024.

Lakini sheria ya saa humhusu mwenye mlango wa kufunga. Yule asiye na mlango hanunui baani. Hununua kikombe uchochoroni, wakati wowote, kwa shilingi alizopata kwa kubeba mizigo au kuokota plastiki. Sheria humkamata muuzaji na kuimwaga pombe. Mwili wa mnywaji, ambao umekwisha kuzoea, unabaki pale pale ukidai.

Sasa tuulize: mtu huyu akitaka kuacha leo, aende wapi?

Ziko nyumba za kurekebishia walevi, na nyingi huwaweka watu kwa miezi mitatu. Ada yake kwa mwezi ni makumi ya maelfu ya shilingi, fedha ambazo hata mfanyakazi wa shambani mwenye mshahara hawezi kuzitoa. Bima ya afya ya serikali, iliyoanza Oktoba 2024 badala ya ile ya zamani, huandikisha mtu kwa kitambulisho na kwa nambari ya simu. Mtu wa kibarazani hana hiki wala ile. Kitambulisho chake kiliibwa, au kilichukuliwa na mvua, au hakuwahi kukipata.

Nimewahi kumsindikiza mmoja wao hospitalini. Hospitali yenyewe sitaitaja. Alikuwa mtu wa makamo, fundi wa mabomba, mikono ikimtetemeka kwa kuwa alikuwa amekaa siku moja bila kunywa. Dirishani aliulizwa kitambulisho, akaulizwa nambari ya simu, akaulizwa jamaa wa karibu. Alijibu hapana mara tatu. Akaambiwa arudi akipata. Alirudi kweli, lakini alirudi kibarazani. Hakumaliza mwaka ule.

Tena kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii. Shirika la serikali la kupambana na dawa za kulevya, NACADA, lilitoa matokeo ya uchunguzi wake wa nchi nzima wa mwaka 2022. Lilisema kwamba katika kila Wakenya 20 wa umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja ni mtumwa wa pombe, maana yake watu zaidi ya milioni 1.3. Hesabu hiyo ni ya kutisha. Lakini uchunguzi huo ulifanywa majumbani, na wasio na nyumba hawakubishiwa hodi, kwa kuwa hawana pa kubishia. Hivyo hata katika hesabu ya walevi, walevi wa mitaani wameachwa nje.

Hapa ndipo ninapoileta simu. Makueni, huko Ukambani, watafiti wa Kenya wakishirikiana na wenzao wa Marekani waliwachukua watu wazima 300 waliokuwa na shida ya pombe. Wa kundi moja walizungumza ana kwa ana na mhudumu wa afya aliyefunzwa namna ya kumsaidia mtu aone mwenyewe sababu ya kubadilika. Kundi la pili lilipewa mazungumzo yale yale kwa simu. Kundi la tatu lilingoja zamu yake. Baada ya mwezi mmoja, waliopigiwa simu walikuwa na nafuu kuliko waliokuwa wakingoja, na kati ya waliopigiwa simu na waliokaa ana kwa ana haikuonekana tofauti ya maana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020.

Tusiyatie chumvi. Mwezi mmoja ni muda mfupi, na watu wa Makueni walikuwa na makao na simu zao. Lakini yametufundisha jambo moja kubwa, kwamba maneno ya kuponya hayapotezi nguvu kwa kupita katika waya.

Eldoret nako walitufundisha jambo la pili. Katika kliniki za AMPATH, wagonjwa zaidi ya 600 wenye virusi vya Ukimwi na tatizo la pombe waligawanywa makundi mawili. Nusu yao walipewa mafunzo ya kuacha kunywa, kwa vikao sita vya pamoja. Walioongoza vikao hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa vizuri na kusimamiwa. Kwa miezi tisa iliyofuata, waliopata mafunzo hayo walipunguza kunywa kuliko wenzao waliofundishwa habari za afya kwa jumla. Basi tumeona kwamba mtu wa kawaida aliyefunzwa aweza kuwa mganga wa maneno.

Ughaibuni nako wamekwisha kuyaunganisha mambo haya mawili. Mwaka 2024 huko San Francisco, Marekani, wafanyakazi waliokuwa wakizunguka usiku kati ya watu wasio na makao waliwapa simu papo hapo wazungumze na daktari, na daktari akawaandikia dawa ya kupunguza kiu ya heroini. Mgonjwa hakuhitaji kuwa na simu. Simu ilikuwa ya yule aliyekuja kumwamkia.

Hilo ndilo jibu langu kwa waliocheka. Simu isiwe ya mlevi, iwe ya mhudumu.

Na wahudumu tunao. Septemba 2023 serikali iliwatuma wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini kote, kila mmoja akiwa na mkoba wa vifaa na simu ya kisasa. Naivasha tunawaona wakipita mitaani. Lakini kila mmoja wao hupewa nyumba mia moja hivi za kuangalia, na neno lenyewe ni nyumba. Naomba basi jambo dogo sana: kibaraza cha duka nacho kihesabiwe nyumba. Nyuma ya soko pahesabiwe nyumba. Chini ya daraja, na pale malori yanapolala kando ya barabara kuu, pahesabiwe nyumba. Mhudumu apewe watu wa mahali hapo, awajue kwa majina, kama vile anavyomjua mama mjamzito wa Kabati au mzee wa shinikizo la damu wa Karagita.

Kazi yenyewe nitaieleza nionavyo. Makanisa na misikiti yetu mingi huwapa watu hawa chakula siku fulani za juma. Siku hiyo hiyo, saa ile ile, mhudumu aje na simu yake na viti viwili, akae kando mahali penye faragha kidogo. Upande wa pili wa simu awepo mshauri mmoja, akiwa Nakuru au Nairobi, na awe yule yule kila juma, maana hakuna anayemfungulia moyo mgeni mpya kila siku. NACADA tayari ina nambari ya bure, 1192, inayojibiwa usiku na mchana. Mazungumzo ya dakika 20 yatosha kuanzia. Mtu akishiba, na akaitwa kwa jina lake, husema mambo ambayo hasemi akiwa na njaa.

Zipo hoja za kupinga, na sipendi kuzikwepa.

Wa kwanza atasema kwamba kuacha pombe ghafula ni hatari. Amesema kweli tupu. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akiacha siku moja, aweza kutetemeka, kupatwa na kifafa, kuona mambo yasiyokuwepo, hata kufa. Dawa za kuzuia hayo zipo na ni za kawaida, lakini hutolewa chini ya macho ya muuguzi. Hii ndiyo sababu simu haiwezi kuwa tiba yote. Mshauri na mhudumu wafunzwe kumtambua mtu wa namna hiyo, na hospitali ya hapa Naivasha imtengee kitanda kwa siku chache, bila kumdai kitambulisho kwanza. Wa heroini vilevile, methadone hunywewa mbele ya muuguzi karibu kila siku, kama ilivyoanza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 na Mathari, Nairobi, mwaka 2014. Nayo gundi haina dawa yake. Tiba yake ni chakula, mahali pa kulala na mtu mzima asiyechoka. Simu ni mlango wa kuingilia. Vyumba vya ndani lazima viwepo.

Wa pili atasema kwamba mlevi hawezi kusaidiwa mpaka atake mwenyewe. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Lakini kutaka nako huzaliwa, na huzaliwa katika mazungumzo. Yale mazungumzo ya Makueni kazi yake ilikuwa hiyo hasa. Mtu anayetukanwa kutwa nzima hapati nafasi ya kujiuliza anataka nini.

Wa tatu atasema kwamba watarudia. Naam, wengi watarudia. Mgonjwa wa sukari naye hula alichokatazwa, na daktari hamfukuzi. Anayerudia juma hili akute mshauri wake bado yupo juma lijalo.

Kuna na habari ya lugha. Mshauri azungumze Kiswahili cha watu, au Kikuyu, au Kijaluo, kama mgonjwa apendavyo. Na sisi sote tuyapime maneno yetu. Tunamwita mtu chokora, teja, takataka, kisha twashangaa kwamba anaishi kama tulivyomwita. Anayelala kibarazani ni mzee wa mtu, ni mwana wa mtu, na yuko mahali fulani mama anayeliulizia jina lake.

Tunaweza kuchagua, maana njia zote mbili zimekwisha kujaribiwa katika nchi hii. Mwaka 1973 Padri Arnold Grol, Mholanzi, alikwenda kwa watoto wa mitaani wa Nairobi, akaanzisha pamoja nao chama cha Undugu, ambacho kiliwapa masomo na kazi za ufundi. Na mwezi wa Februari 2019 watoto wa mitaani wa mji wa Nakuru walipakiwa garini usiku, wakaenda kuachwa karibu na msitu wa Chemasusu, kaunti ya Baringo. Taifa zima lililaani. Hata hivyo, kila tunapomwagia maji mtu aliyelala, tunafanya Chemasusu ndogo yetu wenyewe.

Kwa hiyo ombi langu liende kwa wenyewe. Kaunti ya Nakuru iwape wahudumu wachache wa Naivasha vibaraza badala ya nyumba, na ianze na mahali pawili au patatu tu, ikiandika kila mwezi ni wangapi walizungumza, wangapi walilazwa, na wangapi wangali hai. Wenye mashamba ya maua, ambao wamepata mengi kwa mikono ya watu wa mji huu, walipie saa za mshauri. Wazee wa makanisa na misikiti watoe viti viwili na saa moja. Mafundi viatu na wenye maduka wakatae kumuuzia mtoto gundi, hata akija na fedha taslimu.

Nasi wengine tulio na maduka, tunapofungua mlango alfajiri, tumwamshe mtu kwa jina lake, tumwambie siku na saa ya yule mwenye simu. Haitugharimu hata senti.